Mbawakawa wa Kilwa Hahesabiwi kwa Macho Peke Yake

Ukifukia kikombe cha plastiki ardhini mpaka mdomo wake ulingane na udongo, ukakiacha usiku kucha kwenye ukingo wa msitu au chini ya mikorosho upande wa Somanga, asubuhi kuna uwezekano mkubwa wa kukuta ndani yake wadudu weusi wenye miguu mirefu, wakihangaika kupanda ukuta unaoteleza. Wengi wa wadudu wa namna hiyo ni mbawakawa wa ardhini, familia ambayo wanasayansi huiita Carabidae. Ni wawindaji, wengi wao wa usiku. Hula viwavi, minyoo, konokono na mayai ya wadudu wengine, na hutegemea zaidi mbio za miguu kuliko mbawa. Duniani kote takriban spishi 40,000 za familia hii zimeshapewa majina. Katika mazungumzo ya kila siku mtu huwaita dundu au mbawakawa tu, na hapo hapajaharibika kitu, kwa kuwa mwenye shamba hana haja ya majina 40,000. Ugumu huanza pale mtu anapotaka kujua kikombe kile kimenasa spishi ngapi. Wadudu sita weusi, urefu wao unakaribiana, michirizi ya mgongoni ni ileile: je, ni spishi moja yenye tofauti ndogo ndogo, au ni spishi mbili zinazoishi pamoja bila kuchanganyika? Ninashikilia kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa macho peke yake, na pia haliwezi kujibiwa na mashine ya kusoma vinasaba peke yake. Mpaka kati ya spishi mbili ni mpaka wa uzazi. Rangi, umbo na jeni ni mashahidi wa mpaka huo, na kila shahidi lazima ahojiwe na mwenzake.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Mgeuze chali chini ya kioo cha kukuzia. Nyonga za miguu yake ya nyuma zimelikata bamba la kwanza la tumbo na kuligawa pande mbili. Alama hiyo peke yake inamweka katika kundi kubwa la mbawakawa wanaoitwa Adephaga, na inamtenga na mbawakawa wengine wengi weusi wanaotembea ardhini. Kwenye mguu wa mbele, upande wa ndani, kuna pengo dogo lenye nywele ngumu: humo ndimo anamopitisha papasi zake kuzisafisha, kwa kuwa mwindaji wa usiku hutegemea papasi kuliko macho. Mgeuze tena. Mbawa ngumu zinazofunika mgongo zina mifereji inayokwenda kichwani hadi mkiani, kwa kawaida minane au tisa kila upande, na katikati ya mifereji hiyo kuna vishimo vichache, kila kimoja na unywele wake mmoja mrefu. Vishimo hivyo havikutawanyika ovyo. Mahali pake na idadi yake hurithiwa, kiasi kwamba unywele mmoja au miwili juu ya jicho unaweza kutosha kumtoa mdudu kabila moja na kumpeleka jingine. Kwa hatua hizi mtu mwenye subira hufika kwenye jenasi bila shida kubwa. Mbawakawa wakubwa weusi wa jenasi Tefflus, kwa mfano, hutambulikana haraka kwa mbawa zenye matuta marefu na kwa ncha za vipapasio vya mdomo zilizopanuka mithili ya bapa la shoka. Hao ni walaji wa konokono, na kwa sifa hiyo katika miaka ya 1950 Tefflus kutoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa maadui wa asili waliopelekwa Hawaii kupambana na konokono mkubwa, ambaye naye asili yake ni pwani hii yetu. Jenasi basi si tabu. Tabu iko hatua moja mbele, kwenye spishi.

Kinachowapotosha watu wengi ni imani kwamba tofauti kubwa kwa macho ndiyo tofauti kubwa kwa asili. Mbawakawa wa ardhini wanaikanusha imani hiyo kutoka pande zote mbili. Upande wa kwanza ni wa spishi zisizo na undugu wa karibu zilizovaa sare moja. Wapo wale wanaorusha mvuke wa kemikali unaochoma, wenye joto linalokaribia nyuzi 100 za sentigredi. Thomas Eisner na Daniel Aneshansley walipochapisha mwaka 1999 picha za namna mdudu huyo anavyoelekeza mrusho wake, walikuwa wakitumia spishi ya Kenya. Wengi wa kundi hilo ni weusi wenye mabaka ya njano au ya rangi ya chungwa. Chura au ndege aliyeungua mara moja huiepuka rangi ile, na kila spishi inayoivaa hupata kinga hiyohiyo, hivyo spishi nyingi hubaki na mabaka yanayofanana. Rangi hapo inatueleza habari za chura, haituelezi habari za ukoo. Upande wa pili ni wa ndugu wa tumbo moja wanaoonekana kuwa spishi mbili. Msweden Carl Lindroth alizalisha mbawakawa wa Ulaya aitwaye Pterostichus anthracinus, ambaye baadhi yao wana mbawa kamili za kurukia chini ya mbawa ngumu, na wengine wana vipande vifupi visivyofaa kitu. Mwaka 1946 alieleza kwamba tofauti hiyo hurithiwa kwa kanuni rahisi za Mendel, ufupi ukiwa ndio wenye nguvu. Mama mmoja anaweza kuzaa wanaoruka na wasioruka. Mtu aliyekuwa akigawanya kwa kutazama mbawa angeandika majina mawili kwa watoto wa mama mmoja.

Tena kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote: spishi mbili za kweli zisizotofautiana kwa macho hata kidogo. Pterostichus nigrita, mbawakawa mweusi wa maeneo yenye majimaji barani Ulaya, alikusanywa, akachorwa na kuandikwa vitabuni kwa vizazi vingi akihesabiwa mmoja. Ni katika miaka ya 1980 tu, baada ya kromosomu na viungo vya uzazi kuchunguzwa kwa makini, ndipo ilipodhihirika kwamba chini ya jina hilo waliishi wawili, na wa pili akarudishiwa jina rhaeticus lililokuwa limetolewa mwaka 1837 kisha likaachwa. Ulaya ina wataalamu na wapenzi wa mbawakawa wengi kuliko eneo lolote jingine duniani. Ikiwa huko mdudu wa kawaida kabisa aliweza kujificha mbele ya watu hao wote kwa muda mrefu hivyo, basi orodha yoyote ya mbawakawa wa Kilwa na Lindi iliyotungwa kwa kutazama migongo tu haina budi kusomwa kwa tahadhari.

Njia iliyofungua mlango ilitoka ndani ya mwili wa mdudu. Mfaransa René Jeannel alizunguka Afrika Mashariki pamoja na Charles Alluaud mwaka 1911 na 1912, wakikusanya wadudu kuanzia pwani hadi milima mirefu, na baadaye, kati ya mwaka 1926 na 1930, akachapisha kazi kubwa juu ya mbawakawa wadogo wa kundi la Trechinae ambamo kiungo cha uzazi cha dume kilipewa uzito wa kwanza. Kazi yenyewe ni ya vidole vitulivu. Mdudu mkavu hulainishwa kwa maji ya moto, tumbo hufunguliwa kwa koleo nyembamba, kiungo hutolewa na kuchemshwa kidogo katika hidroksidi ya potasiamu hadi nyama iyeyuke ibaki gamba, kisha hulazwa ubavu katika tone la gliserini chini ya hadubini. Hapo wadudu wawili waliokuwa sawasawa mgongoni huachana: mmoja ncha yake imepinda kama ndoano, wa pili ni nyoofu na butu, mmoja ana vijimiba ndani ya kifuko cha ndani, mwenzake hana. Na jambo linalotoa uzito kwa ushahidi huu ni kwamba mara nyingi ndani ya spishi moja umbo hilo hubadilika kidogo sana, hata pale rangi na ukubwa vinapobadilika sana.

Kwa nini kiungo hicho kiaminiwe kuliko mguu au papasi? Jibu lililo wazi kupita yote limetoka Japani, kwa mbawakawa wa kundi la Ohomopterus. Spishi mbili, Carabus maiyasanus na Carabus iwawakianus, zinapakana na hukutana kwenye mipaka yao, na madume wakati mwingine hupanda majike wa upande wa pili. Mwaka 1998 Teiji Sota na Kohei Kubota walionyesha kinachotokea. Dume ana kipande kigumu kinachoingia katika kifuko maalumu cha jike, na vipimo vya viwili hivyo vinalingana ndani ya spishi ileile tu. Wanapokutana wa spishi tofauti, kipande cha dume huweza kuvunjika na utando wa jike huweza kupasuka. Majike hufa kwa wingi zaidi na mayai yanayorutubishwa hupungua. Yaani pale umbo la kiungo si pambo la kumrahisishia mtaalamu kazi. Ni sehemu ya ukuta wenyewe unaotenganisha spishi, na anayekipima kiungo anaupima ukuta. Sitaki kupita kiasi hapa: si kila jenasi ina kufuli la namna hiyo, na zipo jenasi ambazo viungo hivi havitofautiani vya kutosha. Ila kiungo kinachoshiriki moja kwa moja katika uzazi kina haki ya kusikilizwa kabla ya rangi ya mgongo.

Msomaji anaweza kuona kwamba tumebadilisha tu mahali pa kutazama, kutoka mgongoni hadi tumboni, na bado ni macho yaleyale. Pingamizi hilo lina haki, na mkoa wa Lindi wenyewe una mfano unaolijibu, ingawa si wa mdudu. Katika misitu ya uwanda wa Rondo anaishi komba mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Kwa macho ya haraka ni komba kama komba wengine wadogo wa pwani, na wakusanyaji wa zamani hawakumpa nafasi yake. Aliyemtenga ni Paul Honess, katika utafiti wa miaka ya 1990, na jina rondoensis likatoka rasmi mwaka 1997. Ushahidi haukuwa mmoja. Kulikuwa na mlio: komba wa Rondo ana mlio wa vipande viwili viwili unaorudiwa, komba wa Grant anayepatikana kusini mwa Rufiji ana mlio unaopanda kwa ngazi, na yule wa Zanzibar na pwani ya kaskazini ana wa kwake. Kulikuwa na mkia wenye manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Na kulikuwa na umbo la uume wa dume, lenye miiba na mpangilio wa pekee. Mlio ndio unaomwita jike wa aina yake gizani, na kiungo ndicho kinachofuata baada ya mlio. Mashahidi wawili wasiotegemeana walisema jambo moja. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata ulibadilisha hata jenasi, na tangu mwaka 2017 komba hawa wadogo wa mashariki wanaitwa Paragalago. Spishi ya Rondo ilibaki imesimama. Hilo ndilo jibu la pingamizi: viungo vya uzazi vya mbawakawa havipewi heshima kwa sababu ni sahihi kila mara, bali kwa sababu vinaweza kuulizwa swali moja pamoja na mashahidi wengine wasiovijua. Komba huyo ametajwa mara kadhaa katika orodha ya kimataifa ya jamaa 25 za nyani na komba walio hatarini zaidi duniani. Asingetengwa, asingeandikwa popote, na msitu wake ungehesabiwa kuwa wenye komba wa kawaida.

Pingamizi zito zaidi leo linatoka kwa wenye imani na maabara. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Canada walipendekeza kwamba kipande kimoja kifupi cha vinasaba, chenye herufi 650 hivi kutoka jeni moja ya mitokondria, kitumike kumtambulisha kila mnyama. Kwa nini basi kuchemsha viungo na kuhesabu nywele, wakati mguu mmoja wa mdudu ukipelekwa maabara utarudi na jina? Naikubali njia hii kwa moyo mmoja pale inapofaa, na inafaa sana: inaunganisha buu na mzazi wake, dume na jike wasiofanana, na inatoa ishara ya mapema kwamba ndani ya jina moja huenda mmejificha wawili. Kinachonizuia kuipa neno la mwisho ni kwamba mitokondria hurithiwa kwa mama tu. Endapo zamani majike wachache wa spishi moja walizaa na madume wa jirani, mitokondria yao inaweza kuvuka mpaka na kuenea upande wa pili, hata kama sehemu nyingine zote za mwili na jeni zimebaki kwa wenyewe. Si dhana tupu. Ni mbawakawa walewale wa Japani ambao mwaka 2001 Sota, safari hii na Alfried Vogler, alionyesha kwamba ukoo wa mitokondria na ukoo wa jeni za kiini cha seli vinapingana: mitokondria imevuka kutoka spishi moja hadi nyingine, na wadudu wa spishi tofauti wanaoishi jirani wanaweza kuwa nayo moja. Anayesoma kipande kile kimoja tu anaweza kusoma anwani ya mdudu akidhani anasoma jina lake. Isitoshe, herufi za vinasaba hazina jina mpaka ziwe zimelinganishwa na mdudu ambaye mtaalamu alishamfungua na kumtambua. Palipo na maktaba tupu, mashine hurudisha namba.

Sasa nije kwenye kiini cha ugumu kwa pwani yetu, maana hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinapotuacha njiani. Msitu wa pwani wa Tanzania umekatika vipande vidogo vilivyozungukwa na miombo, vichaka na mashamba. Magharibi ya Somanga kuna vilima vya Matumbi vyenye msitu wa Kiwengoma; kusini zaidi, baada ya kuvuka mto Matandu na mto Mbwemkuru, kuna Rondo na Litipo. Mbawakawa wengi wa misituni wamepoteza mbawa za kurukia, na kwa mdudu wa namna hiyo, mwenye kuhitaji kivuli na majani yenye unyevu, nyika kavu ya kilomita 20 ni kizuizi kikubwa. Kwenye Milima ya Tao la Mashariki hali hii imezaa spishi nyingi zisizoruka ambazo kila moja ina mlima wake; mwaka 1957 Pierre Basilewsky na Narcisse Leleup walifanya safari ndefu ya kisayansi Tanganyika kwa ajili ya viumbe wa milima kama hiyo. Tuseme basi tumepata mbawakawa mweusi asiyeruka Kiwengoma, na mwingine anayefanana naye Rondo, ila ncha ya kiungo cha dume imetofautiana kidogo. Kipimo cha uzazi hakipo. Hawakutani, kwa hiyo maumbile hayajawajaribu, na kuwafungia pamoja katika chupa hakutoshi, kwa sababu viumbe vilivyofungiwa huzaana hata pale ambapo porini visingetazamana. Wapo wanaosema katika hali hiyo uamuzi ni ladha ya mtaalamu tu: mpenda kugawanya atatoa majina mawili, mpenda kuunganisha atatoa moja, na hakuna wa kumhukumu mwenzake.

Sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba jibu hapa haliwi na uhakika ule wa pale wanapoishi pamoja. Ipo rula. Ndani ya jenasi ileile tafuta spishi mbili ambazo hakuna anayezibishia, zinazonaswa katika kikombe kimoja usiku mmoja na hazichanganyiki. Pima tofauti yao ya viungo, ya mifereji, ya jeni kadhaa za kiini na ya mitokondria. Kisha pima tofauti ya wale wa Kiwengoma na wa Rondo kwa vipimo hivyohivyo. Ikiwa imefikia au kuzidi ile ya majirani wasiochanganyika, na vipimo vyote vinaelekea upande mmoja, kuna sababu njema ya kuwapa majina mawili. Ikiwa iko chini sana, au mitokondria inasema hili na viungo vinasema lile, waachwe chini ya jina moja mpaka ushahidi uongezeke. Halafu kuna hatua ambayo husahaulika mara nyingi kuliko zote: kukusanya katikati. Wakichukuliwa wadudu wa vilima vya Matumbi na wa Rondo tu, tofauti itaonekana kama ukuta. Wakichukuliwa pia kutoka vipande vya misitu vilivyosalia kati yao, huenda ukuta huo ukageuka mteremko, umbo likibadilika kidogo kidogo kutoka kaskazini kwenda kusini, na mteremko si mpaka wa spishi. Makosa mengi ya kugawanya kupita kiasi yalitokana na ramani zenye nukta mbili. Na madume watatu kutoka kila upande hawatoshi, kwa kuwa bila kujua dume mmoja anatofautiana na ndugu yake kwa kiasi gani, huwezi kusema kitu juu ya tofauti yake na mgeni.

Kuna anayeuliza kazi yote hii ina faida gani kwa mtu wa Kilwa mwenye shamba, wavu na watoto wa kusomesha. Nitamjibu kwa mdudu anayemfahamu. Kwenye madimbwi ya maji ya chumvi nyuma ya mikoko ya pwani hii huzaliwa mbu aitwaye Anopheles merus, na kwenye madimbwi ya mvua huzaliwa Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis. Kwa macho, hata chini ya hadubini, mbu waliokomaa wa spishi hizi tatu hawatofautishiki kwa uhakika, na kwa miaka mingi waliitwa kwa jina moja. R. C. Muirhead-Thomson alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba viluwiluwi wa aina moja ya pwani ya Afrika Mashariki huhimili chumvi inayowaua wenzao. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 majaribio ya kupandisha mbu hawa yakadhihirisha kwamba madume wanaozaliwa na wazazi mchanganyiko huwa tasa. Ukuta wa uzazi ulikuwepo muda wote, ila haukuandikwa mgongoni. Leo hutenganishwa kwa kipimo cha vinasaba, na tofauti ina maana kwa sababu gambiae hupenda kuuma watu na kupumzika ndani ya nyumba, wakati arabiensis huuma pia ng'ombe na mara nyingi hubaki nje, mahali ambapo chandarua na dawa ya ukutani havimfikii.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba za eneo la Pare na Taveta zilipuliziwa dieldrin ili kukomesha malaria. Anopheles funestus, aliyekuwa mwenezaji mkubwa, alitoweka majumbani. Hata hivyo mbu wenye sura ya funestus waliendelea kupatikana nje, tena wakaongezeka. Mtu wa kuamini sura angeripoti kwamba dawa imeshindwa. Mwaka 1960 M. T. Gillies na A. Smith walieleza kwamba waliobaki walikuwa spishi nyingine ya kundi lilelile, Anopheles rivulorum, anayeuma zaidi mifugo, na ambaye alichukua nafasi iliyoachwa wazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kutoka kaskazini-mashariki mwa Tanzania ulionyesha kwamba rivulorum naye anaweza kueneza malaria kwa kiasi chake, kwa hiyo hata tabia iliyofungwa na jina huhitaji kuhakikiwa tena. Mbawakawa wa ardhini hawaenezi malaria, lakini kanuni ni moja: tabia hufuata spishi, haifuati sura. Mbawakawa anayekula viwavi shambani na mwenzake anayefanana naye anayeishi msituni tu hawawezi kulindwa wala kutumiwa kwa maelezo ya mdudu mmoja. Na pale mradi wa barabara, wa gesi au wa mashamba unapotathminiwa pwani, ripoti inayosema eneo lina "mbawakawa, aina mbalimbali" haimwambii mwamuzi kama kuna kitakachopotea kisichopatikana mahali pengine.

Yanayohitajika kwa kazi hii hayana gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Lebo ya mdudu isiseme "Kilwa" tu, kwa sababu wilaya hiyo ina ufuko, mikoko, miombo na kilele cha msitu. Iseme nukta ya ramani, mwinuko, tarehe, aina ya udongo na mtego uliotumika. Wadudu wawekwe kwa makundi mawili, baadhi wamechomwa pini kwa ajili ya umbo na baadhi katika spiriti kali kwa ajili ya vinasaba, na anayetolewa mguu kwenda maabara ahifadhiwe mwenyewe na namba yake, ili miaka 50 baadaye mtu aweze kumfungua tena na kuuliza kama jina lilikuwa sahihi. Sampuli nyingi za msingi za wadudu wa nchi hii, zile ambazo majina yenyewe yamefungwa kwazo, ziko kwenye makumbusho ya Ulaya. Picha zake za viungo zikipatikana kwa urahisi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hatalazimika kupanda ndege ili kulinganisha ncha mbili. Na pale ushahidi unapopungua, mtaalamu asione haya kuandika jina la jenasi na namba ya sampuli badala ya kulazimisha jina kamili. Mbawakawa wa Kiwengoma anayefanana na wa Rondo isipokuwa ncha ile abaki na namba yake, mpaka wapatikane madume na majike wa kutosha kutoka vipande vya msitu vilivyoko kati ya Matandu na Mbwemkuru.